Diski Inayosaga Mahindi

Langas, Eldoret
14 Januari 2024

Kwa dadangu mpendwa, Sista Maximilla,

Kabla hujaniuliza habari, acha nikwambie mwenyewe: ndugu yako ni mtu wa bahati. Nikitoka hapa Langas kutafuta mwanaume mwingine mwenye bahati kama yangu, nitazunguka Eldoret yote na nitarudi nyumbani bila kumpata. Studio imejaa kazi. Harusi, mazishi, watoto kuhitimu, kila kitu. Watu wa hapa hawawezi kuoa wala kufa bila Wangila na kamera yake. Na nyumbani ndio usiseme. Eddah anaimba jikoni tangu asubuhi, zile nyimbo zake za Kikuyu ambazo nimezisikia mpaka naziimba nikinyoa ndevu, na sielewi hata neno moja. Marvin amerefuka, anavaa viatu vyangu bila kuomba. Ciru haongei, anapiga kelele tu, hata akitaka chumvi. Nyumba imejaa mpaka nakosa mahali pa kuweka miguu. Mwenye nyumba, Mzee Mbuthia, ameniuliza kama nimefungua nasari bila kumwambia. Nikamwambia Mzee, hiyo ni baraka, ukiona wivu ongeza mlango.

Wewe je? Baridi ya huko Nyandarua imepungua? Mama Mkuu, kama unasoma barua hii kabla yake, pokea salamu zangu. Mimi ni yule aliyecheka sana siku ya kumleta dada hapo kwenu. Nilikuwa nimekunywa soda tu.

Kimilili wako salama. Shangazi Nanyama bado ndiye anayeangalia boma. Kaburi la baba limepigwa simiti vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Shangazi anasema ndama ana masikio kama yangu. Nimekubali hiyo lawama.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta yangu inaumwa. Ile kubwa niliyonunua nilipoacha kazi ya utaniboi, ya kumsaidia dereva, kwenye malori ya Juba, ile ninayokatia vidio. Tangu Krismasi diski yake inasaga. Nikiiwasha inaanza krr, krr, krr, halafu inanyamaza, halafu tak, kama kinu cha posho kilichopata jiwe katikati ya mahindi. Nilimwita Kiprotich, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mbele ya studio yangu. Huyu alikuwa mkimbiaji. Alikaa kambi ya Kaptagat miaka mingi akingoja kupelekwa Ulaya, mpaka goti likamwambia yeye haendi. Sasa anatengeneza kompyuta, lakini mdomo wake bado uko mbioni. Aliweka sikio juu ya diski kama daktari, akafunga macho, akasema, "Wangila, huyu ameshika mbavu. Anaweza kumaliza raundi moja, anaweza kumaliza kumi, lakini atalala barabarani. Tutoe vitu vyako akiwa bado amesimama, tuweke diski mpya."

Hizo mpya, anasema, hazina kitu kinachozunguka ndani. Hazitoi sauti hata kidogo. Nikamwambia mimi kitu kisicho na sauti sikiamini. Nimelala chini ya malori kutoka Eldoret mpaka Juba, na injini ikinyamaza ndio unajua umekwisha.

Nakuuliza wewe kwa sababu kabla ya kwenda huko ulikuwa unaandika matangazo ya parokia kwenye kompyuta, na mimi niliacha shule kidato cha pili, yaani shule iliniacha mimi. Nibadilishe au niache? Unajua kilicho ndani. Mazishi ya baba yamo, siku zote tatu, na hayako mahali pengine. Ile vidio fupi niliyowapa watu wa nyumbani nilifunika sauti na kwaya tangu mwanzo mpaka mwisho. Ile ndefu iko humu tu, inasagwa pamoja na mahindi.

Eddah anakusalimia sana. Watoto pia.

Ndugu yako,
Wangila, mkurugenzi wa studio

* * *

Monasteri, Nyandarua
6 Februari 2024

Mpendwa Wangila,

Amani ya Kristo iwe kwako na kwa nyumba yako iliyojaa. Mama Mkuu alinikabidhi barua yako akijizuia kucheka, kwa hiyo salamu zako amezipata. Baridi haijapungua. Asubuhi nyasi ni nyeupe na kabeji zinakuwa ngumu kama mawe. Sista Virginia, mzee wetu, anasumbuliwa na kifua lakini akisikia kengele ya sala anaamka na kuimba kuliko sisi wote. Mimi bado niko chumba cha hostia. Tunaoka na kukata mikate ya altare ya parokia nyingi, na nguo zangu zinanuka unga hata Jumapili. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa vile nilivyocheka juu ya masikio.

Kuhusu kompyuta. Mashine yetu ya kukatia hostia ilipiga kelele kama hiyo mwaka juzi. Tukaizoea. Ilifika mahali tukawa tunasali rozari kwa kufuata mlio wake. Halafu ikanyamaza mkesha wa Pentekoste, na tukakata hostia kwa mkasi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kwa hiyo mimi niko upande wa Kiprotich. Usingoje. Badilisha wakati bado inasoma.

Na sisemi hivi kwa ajili ya kompyuta yako. Tarehe 15 Septemba nitaweka nadhiri za daima. Familia wataruhusiwa kuja, na Mama Mkuu amesema siku hiyo naweza kuangalia mazishi ya baba pale sebuleni kwa wageni, mara moja, pamoja nanyi. Vidio hatuangalii hapa, unajua. Sitaki ile fupi ya kwaya. Nataka siku zote tatu na sauti za watu, nimsikie hata mbwa akibweka. Nimelingoja jambo hili tangu Julai alipozikwa. Basi diski hiyo ni yangu pia mpaka Septemba, na nakuomba uiangalie hivyo.

Kitu kidogo. Barua zako zote huja na mstari wa Eddah hapo chini, kwa biro yake nyekundu, hata kama ni maneno matatu. Safari hii niligeuza karatasi mara mbili. Mwambie nimeukosa.

Kwaresima inaanza wiki ijayo. Hatuandiki barua mpaka Pasaka ipite. Ukiona kimya usidhani nimekasirika.

Dada yako katika Kristo,
Maximilla

* * *

Langas, Eldoret
11 Aprili 2024

Sista dada,

Amefufuka. Nimekungojea Kwaresima yote kama mtu aliyefunga, na kusema kweli hiyo ndiyo funga pekee niliyofunga. Pasaka yetu ilikuwa kubwa. Nilipiga picha harusi mbili na ubatizo kule Sugoi, na huko walinipa mbuzi mguu mzima, wakasema mtu wa kamera hula kama bwana harusi. Mvua imeanza, na si mchezo. Barabara yetu ya Langas imekuwa matope, mtu anavuka akiwa amebeba viatu mkononi. Shangazi Nanyama anasema mahindi yameota vizuri. Ndama ameanza kufanana nami kwa tabia pia, haambiwi kitu.

Juu ya mstari wa Eddah: alichomwa na mafuta akipika mandazi, mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Si mbaya, ni ngozi ya juu tu. Anasema pole kwako. Nilimwambia mimi nitaandika kwa niaba yake, akasema mwandiko wangu ni wa kuku, utajua si yeye.

Diski mpya nimenunua. Usiseme sikusikii. Iko juu ya kabati ndani ya pakiti yake, ndogo na nyembamba kama biskuti. Kiprotich amekuja kuiweka mara nyingi na kila mara namtafutia utani wa kumrudisha kibandani. Leo nimemwambia kompyuta iko kwenye novena. Alikuwa hajui novena ni sala tu ya siku tisa, kwa hiyo akaogopa, akaenda.

Sasa nikwambie kitu, na usinicheke, na Mama Mkuu pia asinicheke. Hii kelele nimeizoea. Studio nimeihamishia nyumbani tangu mwisho wa mwaka, ni rahisi zaidi, kwa hiyo kompyuta iko hapa sebuleni. Jioni nikifika nabonyeza kitufe kabla hata sijavua koti, nayo inaanza, krr, krr, kama mtu aliyesikia mlango akauliza ni nani. Mimi huijibu. Nasema, "Ni mimi, nimeleta nusu mkate." Halafu tak. Naiambia, "Hata wewe pole na kazi." Tunakaa hivyo. Inasaga na mimi nakunywa chai. Nimekuwa Kampala, nimekuwa Juba, nimepanda ferry Likoni, na sijawahi kuona kitu kinachongoja mtu namna hiyo.

Na hizi mvua stima inapotea kila siku. Ikipotea, nyumba inanyamaza mpaka nasikia mate nikimeza.

Lakini nitabadilisha. Nimesema.

Eddah na watoto wanakusalimia.

Wangila

* * *

Monasteri, Nyandarua
26 Mei 2024

Mpendwa Wangila,

Amani kwako. Barua yako ilikaa njiani kwa sababu ya mafuriko, ikafika imelowa, lakini wino wako ulishika. Kwetu ukuta wa zizi la sungura ulianguka. Sungura wote tuliwapata isipokuwa mmoja, naye alirudi mwenyewe baada ya siku kadhaa, amenenepa. Sista Virginia amepata nafuu. Mazoezi ya nyimbo za nadhiri yameanza, na bado siwezi kufikia ile noti ya juu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nusu mkate, Wangila, kwa watoto wawili wanaokua? Na nyumba inayonyamaza stima ikipotea? Ciru anatumia stima?

Sikuulizi. Hapa tunafundishwa kutouliza. Lakini kusoma najua.

Kuna jambo moja nitakuuliza kwa sababu ni la nyumbani kwetu wote wawili. Siku ya tatu, siku ya kunyoa watoto wa marehemu. Nataka kujua ilivyokwenda. Nani alishika wembe? Walianza na nani? Wewe ndiye mwana wa kwanza, na nilipofikiria siku ile nilikuwa nakuona umeinamisha kichwa mbele ya watu, nywele zikianguka kwenye nyasi. Ulinyolewa na nani?

Mimi siku hiyo nilimwomba Sista Virginia anikate. Hakuelewa, yeye si wa kwetu, lakini alichukua mkasi ule wa hostia akanikata karibu na ngozi, jikoni. Chini ya kitambaa hakuna aliyejua. Nilihesabu kwamba saa ile na nyinyi mlikuwa mmekaa kwenye nyasi, na nikajiambia tumenyolewa pamoja.

Tena, kuna kitu hukujua. Mama Mkuu alinipa ruhusa ya kuja kumzika baba. Sababu ya kutokuja sitaiandika hapa. Labda Septemba, pale sebuleni, baada ya kumwona. Ndiyo maana naing'ang'ania hiyo diski. Usifikiri ni ukaidi.

Mkono wa Eddah umepona? Ngozi ya juu haichukui muda mrefu.

Dada yako,
Maximilla

* * *

Langas, Eldoret
30 Juni 2024

Sista,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Kimilili wazima, ndama mzima. Nyadhifa zako nimeona zimeongezeka, sasa wewe ni mtawa na pia afisa wa upelelezi. Mkate wa Eldoret ni mkubwa, hujaonja siku nyingi. Watoto wanapenda ugali.

Mkono umepona. Ni biro nyekundu iliyoisha wino, na kwa maduka ya hapa unajua ni bluu na nyeusi tu.

Kunyoa kulienda vizuri. Mzee mmoja wa ukoo ndiye aliyeshika wembe, mkono hautetemeki. Mimi nywele zangu unazijua, zilikuwa zimeanza kunikimbia zenyewe, hakukuwa na kazi nyingi. Utaona yote Septemba. Nilipiga vizuri sana, mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa pembeni, hata watu wa televisheni wangeniajiri.

Diski sasa haiamki nikiibonyeza mara ya kwanza. Naigonga kidogo ubavuni na kusema nayo, ndipo inaanza. Kiprotich amenuna, haongei na mimi. Nikipita ananionyesha saa yake ya mazoezi tu kutoka ng'ambo ya barabara. Nitafanya. Wacha wiki hii ipite.

Wangila

* * *

Monasteri, Nyandarua
21 Julai 2024

Wangila,

Leo sina habari za baridi wala za sungura.

Toa vitu kwenye hiyo diski. Septemba nikiambiwa imekufa, nitajua ulikuwa na baba upande mmoja na kelele upande mwingine, na ukachagua kelele. Nitakusamehe, ndiyo kazi yangu. Lakini nitajua.

Nimekuwekea biro nyekundu ndani ya bahasha. Mpe Eddah.

Maximilla

* * *

Langas, Eldoret
18 Agosti 2024

Dada,

Salamu kwako, na kwa Mama Mkuu, na kwa Sista Virginia ambaye sijamwona lakini ninamshukuru. Biro ilifika. Ilikuwa imetoboa bahasha na karani wa posta akaniuliza kama ni risasi. Shangazi Nanyama atakuja Septemba akiweza, miguu inamsumbua. Mvua imepungua. Mahindi Kimilili yanakaribia kukauka.

Nilibadilisha.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kesho yake nikabeba kompyuta kifuani mpaka kwa Kiprotich. Bado alikuwa amenuna. Akaifungua, akaunganisha ile diski mpya kando, akaanza kuhamisha. Ilichukua tangu asubuhi mpaka vibanda vinafungwa. Kila mara ile ya zamani ilikuwa inakwama, krr, krr, halafu kimya, na Kiprotich anaiwekea kiganja juu yake kama mtu anayemtuliza punda, anasema, "Kaza. Kaza, mzee. Unaona utepe ule." Watu wa vibanda vingine wakaja kusimama. Hawakujua ni nini tunachotazama, waliona tu wanaume wawili wanashangilia sanduku. Mazishi ya baba yalikuwa ya mwisho kwenye foleni, kwa sababu ni mazito. Yakapita. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu ile diski ikasema tak, na haikuinuka tena. Kiprotich alitoa kofia. Nilidhani ni mzaha, lakini alikuwa amelengwa na machozi. Akasema yeye hajawahi kuona mbio ikimalizwa hivyo hata Kaptagat.

Kwa hiyo baba yuko. Hajapotea hata kidogo. Utamwona.

Nikaleta kompyuta nyumbani, nikaiweka mahali pake, nikabonyeza. Hakuna kitu. Skrini ikawaka tu. Nilikuwa nimeshasema, "Ni mimi," kwa mazoea, na nikaona aibu, nikageuka kuangalia kama kuna mtu amenisikia.

Kiprotich alikuwa ameniambia niangalie kila kitu mwanzo mpaka mwisho na nisikilize, nihakikishe sauti zimekuja. Nikakaa Jumapili mchana. Na unajua mimi hiyo vidio ndefu sikuwahi kuisikiliza? Ile fupi niliikata kwa macho nikaweka kwaya. Na hata ningesikiliza, ile kelele ya mahindi ilikuwa inafunika kila kitu kisichopigiwa kelele. Sasa chumba kilikuwa kimya, na nikasikia vitu. Nikasikia majani ya migomba. Nikasikia yule mbwa uliyemwomba. Nikasikia mtu akipasua kuni mbali huku padre anahubiri.

Siku ya tatu sasa. Utaiona mwenyewe, lakini ni afadhali niwe nimekwambia kabla.

Watoto wa baba wamekaa kwenye nyasi mstari mmoja. Mzee ana wembe na karai la maji. Mwanga unaingia kwa pembeni, hapo sikudanganya. Nimepiga karibu kabisa, unaona maji yakitiririka shingoni mwa mdogo wetu Wakoli. Mwanzoni mwa mstari kuna nafasi ya mtu mmoja. Hapo ndipo unasikia sauti ya Eddah, kwa chini, karibu sana na kamera, alikuwa amesimama kando yangu. Anasema, "Wangila, weka hiyo kitu chini. Wanakungoja wewe."

Na unasikia sauti yangu. Ni kubwa kuliko zote. "Ngoja kwanza, mama, mwanga ni mzuri sana. Waanze na wale wenye nywele." Watu wanacheka. Nilifurahi wamecheka, hilo nalikumbuka vizuri.

Halafu Eddah anasema tena, na hii siku ile sikuisikia, nakuapia. Anasema, "Leta nikushikie. Najua kubonyeza." Unamsikia anangoja. Nami nasogea kando nitafute pembe nyingine, na sauti yake inabaki nyuma.

Mzee akanyoa wote. Akatazama kwenye kamera, yaani akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo. Akasuuza wembe, akaukunja.

Uliuliza nilinyolewa na nani. Hakuna aliyeninyoa, dada. Wewe uliyekuwa jikoni Nyandarua ulinyolewa, na mimi niliyekuwa hatua chache kutoka kaburini sikunyolewa. Mke wangu, Mkikuyu, ndiye aliyejua kwamba nafasi ile ni yangu. Nimetafuta siku zote tatu nione kama niko mahali. Simo. Kuna kivuli tu kwenye nyasi, karibu na miguu ya Wakoli, kimebeba kamera.

Nilizima. Nikakaa. Ile ya zamani ingekuwa hapo ingesaga kidogo, na mimi ningeiambia kitu cha kuchekesha, na siku ingeisha. Hii mpya inanyamaza, inakungoja uendelee.

Nina ombi. Septemba, mkiruhusu, huo mkasi wa hostia uuombe uje nao sebuleni. Tuangalie mpaka siku ya tatu, halafu usimamishe pale kwenye nafasi, na unikate wewe. Najua si wembe na wewe si mzee wa ukoo. Nywele zimebaki chache, hutachoka. Baada ya hapo, ukitaka kuniambia kwa nini hukuja, nitasikiliza. Sitafanya mzaha. Nitajaribu.

Kamera nitaiacha kwa Kiprotich.

Nitakuja peke yangu. Hapa chini ni mahali pa mstari wa Eddah, na naandika kwa ile biro yako nyekundu ili ujue nimejua ni wa nani:

Eddah hayuko. Aliondoka Agosti mwaka jana, mwezi mmoja baada ya mazishi, na Marvin na Ciru, wako Timboroa kwa mama yake. Hakuna mkono uliochomeka. Studio niliileta nyumbani kwa sababu kazi ziliisha. Ile bahati niliyokuandikia Januari haikuweko hata kidogo, ilikuwa ni mimi na ile kelele.